Misonobari kwenye shamba la mahindi: miaka 14 ya kupima na kukosea

Ukija shambani kwetu leo naweza kukuonyesha mahali lilipokuwa zizi la ng'ombe, ingawa boriti yake ya mwisho iling'olewa zamani sana. Pale kwenye zizi misonobari ni minene, imepinda kiunoni, na matawi yake yanalingana na kifundo cha mkono wangu. Shuka hatua 40 hivi, utafika kwenye ukanda ambao plau ilipita kila msimu kwa zaidi ya miaka 20. Miti ya pale ilipandwa siku moja na ile ya juu, kwa miche ya kitalu kimoja, lakini ukiitazama utadhani ilizaliwa miaka mitano baadaye.

Karibu kila kosa nililofanya katika miaka hii 14 linarudi kwenye jambo hilo. Nilipanda kana kwamba shamba zima ni ardhi moja, tena ardhi tupu. Naandika kwa ajili ya mtu aliye na shamba lililochoka, anayefikiria kuligeuza msitu, kwa sababu mti ukishakosewa utotoni hauna msimu ujao wa kurekebisha kama mahindi.

Baba alipoishiwa nguvu za kulima, hekta 2 za familia zilikaa miaka miwili zikiota magugu. Nilikuwa naishi mbali, na nikaambiwa kwamba misonobari, au paina kama wengi tunavyoiita, hustawi haraka kwenye mashamba ya zamani. Hilo ni kweli. Kusini-mashariki mwa Marekani, mashamba mengi ya pamba yaliyoachwa yalirudi kuwa misitu ya misonobari, na wataalamu wa misitu wa huko wanajua siku nyingi kwamba mti uliopandwa penye shamba la zamani mara nyingi huanza kwa kasi kuliko uliopandwa mahali msitu ulipokatwa. Ardhi ina mabaki ya mbolea, haina visiki wala machipukizi ya kupigana nayo. Lakini kwenye ahadi ile ya kasi, hakuna aliyeniambia kasi ya nini: ya urefu, ya unene, au ya mbao nzuri. Ni vitu vitatu tofauti.

Nilianza kukosea kitaluni kabla hata ya shamba. Nilinunua miche 5,000 ya Pinus patula, jamii ya msonobari yenye asili ya Mexico, na nikachagua ile mirefu kwa kuwa ilinivutia macho. Ilikuwa mirefu kwa sababu imekaa kwenye viriba kupita muda wake. Mizizi ilikuwa imezunguka chini ya kiriba kama kamba ya ndoo ya kisimani iliyoviringwa. Sikuijua maana yake, nikaivua plastiki na kuifukia hivyohivyo. Siku hizi nachana kiriba kimoja kati ya kila 20 kabla sijalipa. Mizizi ikiwa imeviringika chini, naacha mzigo wote. Ikiwa imeanza tu kujikunja, nakata kipande kidogo cha chini kwa wembe, nachana pembeni mara mbili, ndipo napanda.

Jambo la pili la kitalu halionekani kwa macho. Msonobari hauwezi kuishi vizuri bila kuvu inayoishi kwenye mizizi yake na kuuletea maji na fosforasi. Kusini mwa ikweta misonobari haioti kwa asili, isipokuwa sehemu ya kisiwa cha Sumatra, kwa hiyo kwenye mashamba mengi ya huku kuvu hiyo haimo udongoni mpaka iletwe pamoja na miche. Baadhi ya miche yangu ilibaki na rangi ya manjano miezi mingi huku imedumaa kwenye urefu wa shubiri. Niliyoing'oa ilikuwa na mizizi mitupu, laini kama nyuzi. Mche wenye kuvu una vijizizi vifupi vilivyogawanyika mithili ya uma, mara nyingine na utando mweupe. Anayeotesha miche yake mwenyewe achanganye kwenye udongo wa viriba konzi chache za udongo wa chini ya misonobari mizima iliyokomaa. Asijaze mbolea ya fosforasi kitaluni akidhani anasaidia, kwa maana ikizidi, kuvu hukataa kushika.

Halafu magugu. Mashamba ya zamani yana akiba ya mbegu za magugu za miaka mingi, na kwetu adui alikuwa sangari. Nilidhani nikilima mara moja kabla ya kupanda nimemaliza. Nilichofanya ni kuikata mizizi ya sangari vipande vipande, na kila kipande kikaota. Kufikia kiangazi cha kwanza sikuweza kuona miche bila kuinama na kutenganisha nyasi kwa mikono. Nilipoteza zaidi ya miche 1,000, na gharama ya vibarua wa palizi ya dharura ilimaliza fedha niliyotenga kwa kupogoa miaka ya mbele. Kivuli siyo kinachoua, ni ukosefu wa maji: nyasi huyanywa kabla mche haujayafikia. Inatosha kusafisha duara la nusu mita hadi mita moja kuzunguka kila mche, na lisafishwe kabla nyasi hazijaushinda mche urefu. Palizi mbili za mapema ni bora kuliko nne za kuchelewa.

Mapengo nayo niliyajaza mwaka uliofuata. Hiyo ilikuwa kazi ya bure kabisa. Miche ya kujazia ilikuta wenzake wana kimo cha kiuno, ikafunikwa na kubaki fito hadi leo. Kujaza mapengo kuna maana wiki chache baada ya kupanda, katika mvua ileile. Ikipita hapo acha pengo libaki.

Mwaka wa tatu na wa nne ilikuwa ya furaha, nakiri. Kuna miti iliyokuwa ikiongeza zaidi ya mita 2 kwa mwaka. Nilipiga picha nimesimama chini yake, nikamtumia kila ndugu. Kisha ikaja mvua ya siku tatu ikifuatiwa na upepo wa usiku mmoja. Asubuhi miti kama 200 ilikuwa imelala, haikuvunjika, imelala tu, mingi upande wa zizi na kwenye ukanda wa plau.

Niliuchimbua mmoja kwa sururu na nitakueleza nilichokiona, kwa sababu ndiyo siku niliyoanza kujifunza kweli. Udongo wa juu ulikuwa mweusi na mlaini. Kwenye kina cha sentimita 20 na kitu sururu ikagonga na kurudi. Chini kulikuwa na tabaka gumu, linalong'aa kidogo kama sakafu iliyosuguliwa, lililogandamizwa na plau pamoja na kwato za ng'ombe kwa miaka yote ile. Mizizi ya mti ilikuwa imeshuka hadi hapo, ikageuka kwa pembe mraba na kutambaa pande zote juu ya tabaka. Hapakuwa na hata mzizi mmoja uliopenya. Ukiuinua mti ule na mizizi yake ungesema ni kinara cha taa, nguzo ndefu kwenye sahani.

Mahindi hayakuwahi kulalamika kwa sababu mizizi yake iliishi juu ya tabaka na ikavunwa ndani ya miezi michache. Mti wa mita 7 hauwezi kusimama kwenye sahani. Na kiangazi kinapokuja, maji ya chini yapo lakini hayafikiki, ndiyo maana ukanda ule ulidumaa.

Kwa hiyo kabla ya kupanda kwenye shamba lililolimwa kwa plau au trekta, toboa. Chukua nondo nyembamba iliyochongoka, isukume ardhini wakati udongo una unyevu, sehemu nyingi. Ikikataa kwenye kina kilekile kila mahali, una tabaka. Dawa yake ni trekta lenye jino refu la kupasulia, lipite kwenye mistari ya kupandia wakati wa kiangazi, udongo ukiwa mkavu ili upasuke. Ukiwa na unyevu, jino linakata mfereji tu na kuukandika. Asiye na trekta achimbe mashimo kwa sururu hadi avunje tabaka. Ni kazi ngumu, na baada ya kupanda hakuna njia ya kuirudia.

Pale kwenye zizi sababu ilikuwa nyingine. Samadi ya miaka mingi iliacha naitrojeni nyingi mno. Mti ulikuwa unakimbiza kichwa kuliko mizizi, shina likawa laini, likayumba, likajinyoosha tena kwa kupinda. Baadaye nilisoma kwamba Australia waliona jambo la aina hii kwenye misonobari iliyopandwa penye malisho ya zamani yenye mimea jamii ya kunde: ukuaji wa kasi, matawi manene, mashina yaliyopotoka. Sehemu kama hizo usiongeze mbolea hata kidogo. Mimi niliongeza, niliigawa sawasawa shamba zima, gunia kwa gunia, kwa nia ya haki.

Kipande cha tatu kilinisumbua kwa namna yake. Kuanzia mwaka wa sita, kila kiangazi, ncha za juu za miti kadhaa zilikufa na matawi ya pembeni yakagombania kuwa shina. Nilidhani ni wadudu, nikanyunyizia dawa bila faida yoyote. Mama ndiye aliyekumbuka. "Mwanangu, hapo ndipo baba yako alikuwa anamwaga chokaa ya shamba." Tulipeleka sindano za miti, yaani majani yake membamba, na udongo kupimwa, jibu likaja kwamba boroni, kirutubisho ambacho mti hukihitaji kwa kiasi kidogo tu, iko chini. Boroni haishikiki kirahisi na mizizi penye chokaa nyingi, na ukame huzidisha. Tiba ipo na ni ndogo, lakini kipimo kikizidi ni sumu kwa mti, basi usiitumie kabla ya majibu ya maabara. Laiti ningemuuliza mama kabla ya kununua ile dawa.

Sasa nije kwenye kosa kubwa kuliko yote, ambalo sikuligundua kwa sababu lilionekana kama neema. Nilipanda mita 2 kwa 2, yaani miti 2,500 kwa hekta. Hesabu yangu ilikuwa ya mtu wa mahindi: mashina mengi, mavuno mengi. Mwaka wa sita bwana miti mmoja mzee, aliyestaafu, alipita akasimama katikati ya mistari akitazama juu kimya. Akasema, "Mwanangu, miti yako inanyongana. Toa mmoja kati ya kila miwili kabla ya mvua." Nikamwitikia vizuri, nikamshukuru, na sikutoa hata mmoja. Kila mti niliutazama nikaona jasho langu. Nilikuwa nimeipalilia kwa mkono, nimeiinua iliyolala na kuifunga kwa kamba. Sikuwa na moyo wa kuikata.

Niliikata mwaka wa tisa, nikihitaji fedha. Chenso ilipoangusha mti wa kwanza nilichuchumaa mbele ya kisiki. Mahali penye kiangazi kirefu pete za msonobari, moja kwa kila mwaka, huonekana vizuri. Pete tano za kwanza zilikuwa pana. Zile nne za mwisho nilizifunika zote kwa ukucha mmoja. Miaka minne ya maji, jua na palizi ilikuwa imekaa ndani ya sentimita moja ya mbao. Urefu ulikuwa umeendelea, ndiyo maana kwa mbali msitu ulionekana unakua. Kwenye unene ulikuwa umesimama tangu siku aliyopita yule mzee, pengine na kabla yake.

Na unene ndio mbao. Mti wa kipenyo cha sentimita 30 una eneo la shina mara nne ya mti wa sentimita 15. Tena mwembamba ukipasuliwa, sehemu kubwa inaishia kuwa mabanzi na vumbi. Mnunuzi alizichukua mbao zangu, na baada ya wiki tatu akanipigia simu kwa hasira kwamba zimepinda na kujisokota. Hakunionea. Mbao ya miaka ya mwanzo ya msonobari, ile iliyo karibu na kiini, ni nyepesi na dhaifu, hujikunja ikikauka. Ardhi yenye rutuba inautengeneza mti mnene wakati bado ni mchanga, kwa hiyo sehemu ile dhaifu inakuwa kubwa zaidi. Anayekuambia uvune mwaka wa nane kwa kuwa mti umeshafika kipenyo anakuambia uuze kiini kitupu.

Baada ya hapo nilijifunza kupima, na natamani ningeanza mwaka wa nne. Huhitaji vifaa vya gharama. Chagua sehemu bila kubagua, piga kigingi, funga kamba ya mita 11.28 na uzunguke. Ndani ya duara hilo kuna mita za mraba 400, kwa hiyo ulichohesabu ukizidisha kwa 25 unapata hekta. Pima kila mti kwa futi kamba kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, gawanya mzingo kwa 3.14, una kipenyo. Kisha chukua miti 4 minene kuliko yote kwenye duara na upime urefu wake. Hiyo 4 inawakilisha miti 100 minene kuliko yote katika hekta, na urefu wake hautikiswi sana na msongamano, ndiyo maana wataalamu huutumia kuipima nguvu ya ardhi yenyewe. Piga chapa za rangi kwenye miti hiyo, urudi mwezi uleule kila mwaka. Weka duara katika kila aina ya ardhi uliyo nayo. Mimi nina 6: zizini, ukanda wa plau, penye chokaa, na matatu kwenye sehemu ya kawaida. Mwaka wa kumi miti mikubwa ya sehemu ya kawaida ilikuwa na mita 16, ya ukanda wa plau 11. Wastani wa shamba zima ungenificha hayo yote.

Kupima ndiko kunakokuambia siku ya kupunguza. Tazama pia sehemu ya mti yenye matawi ya kijani. Ikibaki theluthi moja tu ya urefu wa mti, umeshachelewa. Na ukishachelewa kama mimi usikate mingi kwa pamoja. Gawanya urefu wa mti kwa kipenyo chake, vyote kwa mita. Ikizidi 100, mti huo ni ufito uliokuwa ukiegemea wenzake, ukiuacha peke yake upepo utaukunja. Nilipunguza kwa awamu tatu ndani ya miaka minne, nikaondoa kwanza iliyopinda, yenye shina pacha na iliyofunikwa na wenzake. Kwenye hesabu za leo nimebaki na miti 600 hivi kwa hekta. Iliyokuwa na kichwa kizuri imeitikia, pete zake zimefunguka tena. Iliyokuwa imebaki na kishada cha kijani juu haikuitikia hata kidogo, na hiyo siwezi kuirudisha.

Kupogoa kulinipita kwa sababu fedha yake ilikwenda kwenye palizi, nimeshasema. Ardhi tajiri huleta matawi manene, kwa hiyo pogoa mapema kuliko ratiba unayosikia, yakiwa bado membamba, ukiuachia mti walau nusu ya urefu wake ikiwa na kijani. Kata pembeni mwa kola, yaani uvimbe ulio mwanzo wa tawi, usiache kijiti. Mbao zangu zina vifundo vyeusi vinavyodondoka na kuacha matundu, na kila tundu lina tawi lake lililokufa ambalo sikulitoa.

Kwa wenzangu wa maeneo ya baridi, liko jambo moja ambalo kwangu halijafika. Kuna kuvu iitwayo Heterobasidion inayoingia kupitia visiki vibichi na kutambaa kwenye mizizi kutoka mti hadi mti, na Ulaya imejulikana kuwa kali zaidi kwenye msitu wa kwanza uliopandwa juu ya shamba la zamani. Huko visiki hupakwa dawa siku ileile ya kukata.

Mwaka jana tulipata kipande kingine, nusu hekta, nacho kililimwa miaka mingi. Kabla ya kuagiza mche wowote nilimchukua mama na fungu la vigingi. Alitembea polepole na fimbo yake, akisimama na kuonyesha: hapa palikuwa na jaa la samadi, hapa tulikuwa tunageuzia ng'ombe wa plau, hapa maji yalikuwa yanasimama masika. Kila aliposimama nilipigilia kigingi, chenye kitambaa chekundu penye rutuba iliyozidi na cheupe penye udongo uliogandamizwa. Trekta lilikuja kiangazi likapasua mistari ya vitambaa vyeupe hadi sentimita 60. Miche tumeipanda mita 3 kwa 3, na katikati ya mistari tumepanda maharage kwa misimu miwili ya mwanzo, ili palizi ya maharage iwe ndiyo palizi ya miti. Juzi nimehesabu. Imekufa 19 kati ya 550. Nimechimba pembeni mwa mmoja penye kitambaa cheupe, mzizi wake mkuu umeshapita pale ambapo sururu ilikuwa inagonga.